Moto wa Pori

Hapa Kolwezi mvua hukoma mwezi wa 4 au wa 5. Ifikapo mwezi wa 9 joto huzidi, na nyasi za uwanda wa Manika zimekauka kabisa. Mvua ikichelewa, hatari huongezeka. Lakini jua peke yake haliziwashi. Mara nyingi ni mkono wa mtu: mwenye kuwinda panya, mchoma makala, mwenye shamba. Soma Yakobo 3:5.

Basi, fyeka nyasi kuzunguka nyumba yako mapema. Usiwashe moto siku ya upepo, wala usiuache kabla haujazimika.

Nguo zikishika moto, usikimbie, maana kukimbia ni kuupepea. Lala chini ujiviringishe, au ufunikwe kwa blanketi. Kisha mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake udongo, mafuta wala majivu, kwa sababu huchafua kidonda. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi. Mtoto mdogo, au mtu aliyeungua uso, mikono, au mahali papana kuliko kiganja chake, apelekwe hospitali upesi.

Jirani yako hulala karibu na shamba lako. Mpende kwa kuuzima moto wako.