Mswaki: Kichaka cha Nyika na Afya ya Kinywa

Kiangazi kinapopukutisha majani ya mimea mingi ya nyika, mswaki hubaki kijani. Kichaka hiki, kijulikanacho kitaalamu kama Salvadora persica, ni mmea wa asili wa maeneo makavu ya Afrika, Bara Arabu na India. Hustahimili ukame na udongo wenye chumvi. Majani yake ni malisho ya mifugo, na matunda yake madogo yaliyoiva huliwa.

Hata mswaki wa plastiki wa dukani umerithi jina la kijiti chake. Kijiti chenye unene wa penseli hubanduliwa gome nchani, hutafunwa mpaka nyuzi zichanue, kisha hutumika kusugulia meno na fizi taratibu. Ncha iliyochakaa hukatwa ili kupata nyuzi mpya. Ukali wake, unaofanana na wa haradali, hutokana na kemikali ambayo katika maabara imeonekana kudhoofisha bakteria wa kinywani. Katika miaka ya 1980, Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake pale ambapo ni desturi.

Katika tiba asili, majani hutumika kwa kikohozi na maumivu ya viungo, na mizizi iliyochemshwa kwa maradhi ya tumbo. Hata hivyo, kipimo salama cha dawa hizo za kunywa hakijathibitishwa, hivyo wajawazito na watoto wasipewe bila ushauri wa mtaalamu wa afya. Aidha, kijiti husafisha jino lakini hakizibi lililotoboka. Maumivu yasiyokoma, shavu kuvimba au homa ni dalili za kuwahi kituo cha afya; usaha wa jino ukiachwa waweza kusambaa na kuhatarisha maisha.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mganga awe amesajiliwa. Mwananchi anayo haki ya kuuliza usajili huo kabla ya kupokea dawa.

Hatima ya mmea wenyewe imo mikononi mwa wavunaji. Anayeng'oa mzizi mkuu huua kichaka kizima. Anayekata matawi machache huacha shina lichipue tena. Mbegu za matunda yaliyoiva, zikishaondolewa nyama na kupandwa zingali mbichi, huotesha miche ya kuzungushia boma.