Kanga: Mteja Hulipia Sanaa, Mchoraji Hulipwa Kibarua

Katika maduka ya Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, au Biashara Street, Mombasa, muuzaji huvuta doti ya kanga kutoka kwenye rafu, akaikunjua upande mmoja na kumwonyesha mama pindo na mji. Mama huangalia, lakini macho yake hayatulii mpaka yafike kwenye jina, yaani ule msemo uliochapwa. Likimgusa, anauliza bei. Lisipomgusa, doti inarudishwa na kuvutwa nyingine, ya kiwanda kilekile na bei ileile. Mbili hizo zimetumia pamba, rangi na umeme kiasi kimoja. Moja itagombaniwa kuelekea sikukuu, nyingine italala dukani hadi ipunguzwe bei.

Kinachozitenganisha ni mkono wa mchoraji na mstari mmoja wa maneno. Kwa lugha ya uchumi, hapo ndipo thamani inapoongezwa. Lakini ukifuatilia fedha za biashara hii, iliyodumu zaidi ya karne moja, utaona kila mtu ana fungu lake linaloeleweka: mkulima, kiwanda, mwenye bohari la jumla, muuza rejareja. Mchoraji na mtunzi wa jina ndio wenye fungu lisiloeleweka.

Wateja ndio walioanza

Kanga ilizaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19. Wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso zilizochapwa mfululizo kwenye gora, wakakata sita na kuziunga, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja pana. Wafanyabiashara walipoona soko limejitengenezea bidhaa yake, wakaanza kuagiza kitambaa kizima kilichochapwa kwa mtindo huo. Ubunifu ulitangulia, mtaji ukafuata.

Miongoni mwa walioifanya kanga kuwa biashara kubwa ni Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, aliyefungua biashara yake Mombasa mwaka 1887. Yeye ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuweka majina kwenye kanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Awali majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Kwa miongo kadhaa kazi ilikuwa na mgawanyo wake: duka la pwani lilisikiliza wateja na kupeleka michoro ng'ambo, viwanda vya Ulaya, India na Japani vikachapa, na meli zikarudisha marobota.

Baada ya uhuru, mashine zikaja nyumbani. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968, na vingine vikafuata katika mikoa ya pamba. Mageuzi ya miaka ya 1980 na 1990 yalipofungua milango ya soko, vingi vya viwanda vya umma vilishindwa kuhimili. Mitumba ilifurika, na kanga za bei nafuu kutoka Asia zikashika nafasi.

Hesabu za kitambaa

Serikali za ukanda huu hazikukaa kimya. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2005, kanga, kikoi na kitenge viliwekwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti na kutozwa asilimia 50. Hata hivyo, ukuta wa ushuru una mianya: magendo, na bei zinazotangazwa chini bandarini. Tena sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania, ambayo hulimwa zaidi mikoa ya Kanda ya Ziwa kama Simiyu na Shinyanga, husafirishwa nje ikiwa haijasokotwa. Tunauza pamba kwa bei ya pamba, kisha tunanunua nguo kwa bei ya nguo.

Kwenye uchapaji pia kuna sayansi isiyosamehe uzembe. Kila rangi ya mchoro ina skrini yake, na skrini zikipishana kidogo tu, ua la mji linatoka na kivuli. Rangi nayo lazima ishike kwenye uzi wa pamba na kuvumilia sabuni, jua na chumvi ya jasho. Kanga inayochuja hupoteza mteja, na mteja huyo ana mashoga wa kuwasimulia. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu hukisugua kitambaa kwa vidole: kanga mpya ya pamba huwa ngumu kwa wanga, lakini hulainika ikifuliwa. Ya poliesta huteleza tangu dukani na hainywi maji.

Ubora huo ni muhimu, lakini viwanda vya Asia navyo vina wakemia. Vina mashine kubwa zaidi na umeme wa uhakika zaidi. Anayetaka kushindana navyo kwa bei ya mita moja ya kitambaa peke yake anaingia ulingoni akiwa amefungwa mkono mmoja.

Mtaji ulio karibu

Faida ya mchapaji wa hapa ni kwamba yuko karibu na wanaozungumza. Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani mwaka 2008, kanga zenye picha yake ziliingia sokoni upesi. Uchaguzi, harusi, msiba na kampeni za afya vyote hutaka kanga zake, tena kwa wakati wake. Robota linalokatiza bahari huchukua wiki kadhaa, na fumbo lililokuwa la moto mtaani linaweza kufika limepoa. Anayejua fumbo gani litachoma, na lipi litaonekana tusi, ni mtu aliyelelewa ndani ya lugha hii. Ujuzi huo ni mtaji kamili, ingawa benki haiukubali kama dhamana.

Tatizo ni kwamba mtaji huo hauna ulinzi. Mchoro unaouzika hunakiliwa na kurudi sokoni kwenye kitambaa hafifu, kwa bei ya chini. Aliyeubuni alilipwa mara moja, akaondoka. Hana mgao wa toleo la pili wala sauti ya kudai.

Majirani wa kanga wamekwishaonja hatari hii. Katikati ya miaka ya 2000, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno kikoy kuwa alama yake ya biashara huko. Watetezi wa wafumaji wa Kenya walipinga, na ombi halikufika mbali. Mwaka 2011, kampuni ya mitindo ya Louis Vuitton ilileta kwenye maonyesho ya mavazi ya kiume nguo zilizofuata miraba ya shuka za Kimaasai, na mjadala wa nani anastahili malipo ukazuka upya.

Sheria zipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayolinda pia sanaa zinazochapwa kiwandani. Kenya inaruhusu kusajili michoro ya bidhaa chini ya sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2001, na mwaka 2016 ikatunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za utamaduni. Pengo liko kwenye mikataba: kazi nyingi za uchoraji hukubaliwa kwa mdomo, na asiye na karatasi hana kesi.

Kanga yenyewe inaonyesha kuwa jambo hili linawezekana. Kwenye kanga za Essak husomeka maandishi K.H.E. na Mali ya Abdulla, pamoja na namba ya mchoro. Mfanyabiashara alijua zamani kwamba jina lake ni mali, akalichapa kila doti. Viwanda vya leso na kanga vinaweza kufanya hivyohivyo kwa wachoraji: mkataba wa maandishi, mgao kwa kila toleo jipya, na jina la msanii pembeni mwa kitambaa. Ofisi za hakimiliki zifungue madirisha Kariakoo jijini Dar es Salaam, Darajani kule Unguja na Biashara Street, kwenye biashara yenyewe, badala ya kungoja wasanii wapande ngazi za ofisi. Kiwanda kinachomlipa mchoraji vizuri kinanunua kitu ambacho mshindani wake wa ng'ambo hawezi kukiagiza kwa meli. Kinachomlipa kibarua kinajiandalia mauzo ya kitambaa kitupu, na kwenye soko la kitambaa kitupu tumekwishashindwa.