Gemu ambayo shujaa wake hawezi kuruka

Kapteni Viridian hana mruko. Kwenye gemu za majukwaa, ambako kazi kubwa ya mhusika ni kuruka mashimo na miiba, huo ni ulemavu mzito. Alichopewa ni kitu kingine: ukibonyeza kitufe, mvutano unageuka, naye anaangukia darini na kuanza kutembea huko, kichwa chini miguu juu.

Gemu yenyewe ni VVVVVV, iliyotoka Januari 2010. Terry Cavanagh wa Ireland aliiunda karibu peke yake, kwa programu ya Flash. Muziki ni wa Magnus Pålsson. Sura yake inaiga Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1982 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64 na rangi 16. Wengi huisifu kwa sura hiyo. Mimi naona ubora wake umejificha kwenye hesabu.

Takriban mara 30 kila sekunde, kompyuta huongeza kiasi fulani kwenye kasi ya mhusika ya kwenda chini, kisha humsogeza kulingana na kasi hiyo. Mruko wa kawaida ni kumpa kasi ya kwenda juu ghafla, mvutano uimalize kidogo kidogo. Kuurekebisha mruko huo mpaka umkae mchezaji mkononi ni kazi ya kuchosha. Cavanagh aliikwepa: kitufe kikibonyezwa, alama ya kujumlisha inakuwa ya kutoa. Basi.

Na huwezi kugeuza tena ukiwa hewani. Lazima kwanza ukanyage kitu. Sharti hilo dogo ndilo linalozaa uhondo wote. Kuna mahali njia imezibwa na tofali lisilofika hata magotini. Mwenye mruko angelivuka bila kufikiri. Viridian inabidi aangukie juu, apite vyumba kadhaa vilivyojaa miiba kushoto na kulia, agote kwenye jukwaa linalobomoka, ageuze, kisha ateremke njia ile ile hadi upande wa pili wa tofali. Utakufa mara nyingi mno. Lakini kituo cha kurudia kiko hatua chache tu, na kufufuka ni kufumba na kufumbua, kwa hiyo hasira haipati muda wa kuiva.

Kasoro zipo. Viridian huteleza kidogo unapoachia kitufe cha kutembea, na penye miiba utelezi huo unauma. Ramani ni pana lakini haikuelekezi. Gemu nzima yaweza kuisha kwa jioni moja. Bei ya mwanzo, dola 15, iliwakera baadhi ya watu, na baadaye ikashushwa hadi dola 5.

Januari 2020 Cavanagh aliweka msimbo wa gemu hadharani, na watayarishaji wenzake wakashika vichwa: matukio mengi ya hadithi yamerundikwa kwenye orodha moja ndefu mno ya namba, kila namba na tukio lake. Mhandisi wa kampuni kubwa angefokewa. Wapenzi wa gemu wamekuwa wakiusafisha msimbo huo, na sasa gemu yaweza kuonyesha fremu zaidi ya 30 kwa sekunde. Hesabu ya mvutano, hata hivyo, imebaki kwenye mwendo wake wa zamani, maana kila pengo kati ya miiba lilipimwa kwa mwendo huo.