Kisukari: Mguu usiouma ndio wa kuchungwa zaidi

MGONJWA wa kisukari anaweza kukanyaga msumari asubuhi na asitambue hadi jioni, anapovua kiatu na kuona damu kwenye soksi. Wengi hudhani kwamba mguu usiouma ni mguu mzima. Kwa mgonjwa huyu, kutouma ndiyo hatari yenyewe.

Maradhi haya huzuka pale kongosho linaposhindwa kutoa homoni ya insulini ya kutosha, au mwili unaposhindwa kuitumia ipasavyo. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, huharibu neva za miguuni na mgonjwa hupoteza hisia polepole. Mishipa ya damu nayo huziba taratibu, hivyo kidonda hukosa damu ya kukiponya. Isitoshe, neva zikiharibika, jasho hupungua. Ngozi ya nyayo hukauka, ikapasuka na kuvifungulia viini mlango.

Hapo ndipo muuguzi anapohitajika. Katika kliniki, yeye hugusa nyayo kwa uzi maalumu wa nailoni unaopinda ukikandamizwa kwa uzani wa gramu 10. Asiyeuhisi uzi huo yumo hatarini. Muuguzi pia hupapasa mapigo ya damu mguuni, hutazama kati ya vidole na kukagua viatu.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi yake ni kufundisha. Miguu yafaa ioshwe kila siku kwa maji ya uvuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko, kwa kuwa mguu uliopoteza hisia hautambui maji yanayochoma. Ikaushwe vyema, hasa kati ya vidole. Mafuta yapakwe kwenye nyayo na visigino, lakini si kati ya vidole, ambako unyevu huzalisha kuvu. Sugu zisikatwe kwa wembe, wala miguu isioteshwe moto. Viatu vikung’utwe kabla ya kuvaliwa. Asiyeweza kuona nyayo zake atumie kioo au amwombe jamaa amtazamie.

Kidonda kikitokea, husafishwa, hufungwa na kuondolewa uzito. Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi. Kwa mchuuzi au mkulima, kupumzisha mguu ni kupoteza riziki ya siku, na kwa kuwa haumuumi, huendelea kuukanyagia. Ndiyo maana muuguzi mwenye busara huwashirikisha jamaa za mgonjwa tangu mwanzo, ili wapange ni nani atakayeshika kazi wakati kidonda kinapona.

Katika ngozi nyeusi, wekundu wa uvimbe huweza kufichika. Inafaa kulinganisha joto la miguu yote miwili kwa mgongo wa kiganja, na kuangalia uvimbe, usaha, harufu au ngozi inayozidi kuwa nyeusi. Anayeona mojawapo ya dalili hizi afike hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama hahisi maumivu yoyote. Wengi waliokatwa mguu walianza na kidonda kidogo walichokipuuza.