Smashi Hupendeza, Mechi Hupotelea kwenye Mapokezi

Mabishano huanza kabla jasho la wachezaji halijakauka. Timu ya chuo imesheheni vijana warefu, wepesi wa kuruka, wenye mikono mizito. Wakipasha misuli moto, smashi zao huwafanya watazamaji wapige miluzi. Saa mbili baadaye wamefungwa seti 3 kwa 1 na timu ambayo hakuna aliyekuwa akiizungumzia. Jijini Mwanza, kuanzia Malimbe kiliko Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) hadi Butimba kwenye chuo cha ualimu, shabiki wa mpira wa wavu wa wanaume hakosi mshtakiwa siku timu yake inapofungwa.

Wa kwanza humtaja kocha: kwa nini hakubadilisha kikosi mapema? Wa pili husema vijana hawana moyo, wakizidiwa pointi tatu vichwa vinainama. Wa tatu humlaumu refa. Mwingine humkumbuka nahodha aliyehitimu mwaka uliopita na kusema pengo lake halijazibika. Mabishano haya yana thamani, maana hayafanywi na watu wasioijali timu yao. Kasoro yake ni kwamba karibu kila shabiki hutazama mpira unapopigwa juu ya wavu, ilhali mechi nyingi huamuliwa sekunde mbili kabla ya hapo, pale servisi inapogusa mikono ya anayepokea.

Tofauti ya pointi mbili

Hadi miaka ya 1990, katika seti nne za kwanza timu iliyoanzisha mpira ndiyo pekee iliyoweza kupata pointi, na seti nyingi ziliishia 15. Mwishoni mwa muongo huo Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Wavu (FIVB) liliachana na utaratibu huo. Sasa kila mpira unaochezwa huzaa pointi kwa upande mmoja. Seti nne za kwanza huenda hadi 25, ya tano hadi 15, na mshindi lazima amwache mwenzake kwa pointi 2.

Katika mchezo wa wanaume, anayepokea servisi ndiye mwenye nafasi nzuri, kwa sababu ndiye anayeshambulia kwanza. Timu za juu duniani hupata pointi takribani mara 2 katika kila servisi 3 zinazopokea. Kwa hiyo seti huamuliwa na timu ipi inavujisha kidogo inapopokea.

Chukua timu inayopata pointi mara 60 katika kila servisi 100 inazopokea, icheze na timu inayopata mara 65. Ni tofauti ya mpira mmoja katika kila mipira 20, na hakuna jicho la shabiki litakaloiona. Lakini katika seti yenye mipira kama 47, tofauti hiyo huzaa takribani pointi 2, na hapo ndipo panapotoka ile 25 kwa 23 inayowaumiza watu.

Hesabu ya pili inafaa ibandikwe kwenye kila ubao wa matangazo wa chuo. Timu bora kidogo, inayoshinda pointi 52 katika kila 100, hushinda kama seti 6 kati ya 10, na mechi za seti tano kama 7 kati ya 10. Maana yake timu iliyo bora hupoteza mechi 3 kati ya 10 bila mtu yeyote kuharibu kazi. Inawezekana hata kupata pointi nyingi zaidi na bado ukafungwa. Timu ikishinda seti mbili 25-15 na 25-17, kisha ikapoteza mbili kwa 23-25 na ya tano kwa 13-15, itatoka uwanjani na pointi 109 dhidi ya 97 za mpinzani, na kushindwa itakuwa imeshindwa.

Mikono ya libero, miguu ya seta

Hesabu haiwasafishi wachezaji wote. Ipo mitiririko ya vipigo yenye chanzo kinachoonekana, ila lazima ujue pa kutazama.

Makocha wengi hupima mapokezi kwa alama rahisi. Mpira ukimfikia seta, yule anayewaandalia washambuliaji mpira, akiwa karibu na wavu mahali anapoweza kumpa mshambuliaji yeyote, ni 3. Ukimfikia lakini umemnyima shambulizi la haraka la katikati, ni 2. Ukimlazimisha akimbie hadi mstari wa mita 3 au nje yake na kurusha mpira mrefu pembeni, ni 1. Ukipotea, ni 0.

Tofauti ya 3 na 1 ndiyo inayozaa lawama nyingi. Mpira wa alama 3 humlazimisha mzuiaji wa kati wa upande wa pili kukisia, na mara nyingi mshambuliaji hujikuta mbele ya bloku ya mtu mmoja. Mpira wa alama 1 kila mtu ukumbini anajua unakokwenda. Bloku ya watu wawili, hata watatu, imeshajipanga, na mikono imepita juu ya wavu wa mita 2.43. Kijana yuleyule aliyepiga smashi za kutisha wakati wa kupasha misuli sasa anazuiwa mara tatu mfululizo. Jukwaani wanasema amekata tamaa, ilhali amepewa mipira ambayo hata mabingwa wa dunia hawaimalizi kirahisi.

Kuna pia suala la mzunguko. Kila timu inaponyakua haki ya kuanzisha mpira, wachezaji sita husogea nafasi moja kufuata mwendo wa saa. Timu nyingi hutumia seta mmoja, na katika mizunguko mitatu kati ya sita seta huyo huwa mstari wa mbele, hivyo washambuliaji wa mbele hubaki wawili. Mzunguko mwingine mgumu ni ule ambao seta yuko nafasi ya 1, nyuma kulia. Lazima atoke nyuma mbio hadi kwenye wavu kabla mpira haujafika, huku mshambuliaji wa kulia akijikuta kushoto, upande asiouzoea. Timu isiyofanyia mazoezi mzunguko huo hupoteza pointi tano au sita palepale, seti ikitoka 18-16 kwenda 18-21, na mizunguko mingine mitano iliyochezwa vizuri haina faida tena.

Kwa hiyo swali linalomfaa shabiki ni hili: tulikuwa mzunguko gani tulipopoteza zile pointi tano? Kocha mwenye jibu tayari ameanza kutibu. Ana mapumziko mawili ya sekunde 30 katika kila seti, na pumziko la kwanza lina faida zaidi likiombwa pointi ya tatu inapopotea kuliko ya sita.

Upepo wa ziwa na paa la ukumbi

Mwanza ina jambo lake la pekee. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji ya Ziwa Victoria. Hewa iliyo juu ya nchi kavu hupanda, na upepo kutoka ziwani huingia kuchukua nafasi yake. Saa za alasiri, wanafunzi wakitoka vipindini kwenda mazoezini, ndio wakati upepo huo unaposikika. Kiwanja cha wazi chenye nguzo mbili na wavu, sakafu ya saruji au udongo, hapo ndipo wengi hujifunzia mchezo.

Mpira wa wavu una uzito wa gramu 260 hadi 280, wakati mpira wa miguu huanzia gramu 410. Upepo mdogo unautikisa. Servisi ya kuelea, inayopigwa bila mpira kuzunguka, huyumba hata mahali pasipo na upepo kwa sababu hewa huachana na uso wa mpira bila mpangilio. Ukiongeza upepo wa ziwa, kijana mwenye servisi ya kawaida huonekana hatari. Akienda kucheza ndani, kwa mfano kwenye Uwanja wa Ndani wa Taifa Dar es Salaam, msaada huo haupo. Anabaki na servisi yake kama ilivyo, na wapinzani wanaipokea kwa alama 3 mfululizo.

Upande wa kupokea nao una mtihani wake. Nje, macho hupima mpira dhidi ya anga. Ndani kuna taa, paa na kuta, na kanuni inataka nafasi wazi ya angalau mita 7 tu juu ya sakafu. Libero, yaani mtaalamu wa kupokea na kulinda nyuma, akiwa amezoea anga huhitaji siku kadhaa kuzoea mazingira hayo mapya. Timu iliyosafiri kwa basi zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mwanza, ikafika usiku na kucheza asubuhi, haijapata hata mazoezi mamoja ya kupokea servisi chini ya paa. Hapo kipaji hakikupungua, kilichokosekana ni maandalizi, na hilo ni jukumu la uongozi wa chuo kabla halijawa la mchezaji.

Miaka mitatu dhidi ya kumi

Yule shabiki anayemkumbuka nahodha aliyehitimu ana hoja. Wachezaji wengi wa vyuo wamepitia mashindano ya shule ya UMITASHUMTA wakiwa msingi na UMISSETA wakiwa sekondari, wakaingia chuoni na misingi ya mchezo. Shahada nyingi nchini huchukua miaka mitatu. Mwaka wa kwanza seta anajifunza urefu wa kila mshambuliaji na kasi ya mkono wake, mwaka wa pili wanaelewana bila kuongea, mwaka wa tatu anaanza kuandika tasnifu. Kisha anaondoka, na kazi inaanza upya.

Timu za vikosi vya ulinzi na usalama hazina tatizo hilo. Jeshi Stars na Magereza, majina makubwa ya mchezo huu Tanzania, hujengwa na watumishi wanaoweza kukaa pamoja muda mrefu. Kenya ni hivyohivyo kwa GSU na Kenya Prisons, na Rwanda ina APR. Timu ya chuo inapokutana na kikosi cha namna hiyo inaweza kuwazidi kwa kuruka na kuzidiwa kwa mazoea. Dawa ni kumlea seta wa mwaka wa kwanza kabla wa mwaka wa tatu hajaondoka, na kumpa seti nzima za kucheza badala ya pointi tatu za mwisho.

Walioanguka wakainuka

Marekani, ambako wavu wa vyuo wa wanaume una ubingwa wake wa kitaifa tangu 1970, wameyaona haya yote. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), chini ya kocha Al Scates, kilitwaa mataji 19 kati ya 1970 na 2006. Taji la mwisho ndilo lenye somo. Msimu wa 2006 timu ilifikia ushindi 12 na vipigo 12, jambo la aibu kwa chuo hicho. Baada ya hapo ilishinda mechi 14 mfululizo na kuifunga Penn State seti 3 kwa 0 kwenye fainali, nyumbani kwa Penn State.

Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya Long Beach State kuumia. Walifungwa na UCLA 3-1 kwenye fainali iliyochezwa katika ukumbi wao wenyewe. Mwaka uliofuata walirudi na seta wa mwaka wa kwanza kutoka Bulgaria, Moni Nikolov, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2 na servisi kali, wakaifunga UCLA hiyohiyo 3-0. Kilichobadilika kilikuwa servisi na seta, maeneo mawili ambayo mashabiki huyataja mwisho.

Na anayesema kocha hawezi kugeuza mechi aikumbuke fainali ya Olimpiki ya London 2012. Brazil iliongoza seti 2-0 na kubakiza pointi moja tu kutwaa dhahabu. Kocha wa Urusi, Vladimir Alekno, alimtoa Dmitriy Muserskiy, mwenye mita 2.18, kwenye nafasi ya kati na kumpeleka kulia apewe mipira mirefu. Urusi ilishinda 29-27, 25-22 na 15-9. Muserskiy peke yake alifunga pointi 31.

Shabiki aje na kalamu

Mkoa wa Mwanza hauna upungufu wa elimu ya michezo. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, kinafundisha makocha na walimu wa michezo, na vyuo vya jijini vinaweza kuwaomba wataalamu hao waje kupima mapokezi na mizunguko ya timu zao kabla ya mashindano ya Shirikisho la Michezo la Vyuo Vikuu (TUSA). Vyuo navyo vitenge nauli ya kufika siku mbili mapema, na vitafute ukumbi wa mazoezi walau mara moja kwa wiki.

Mashabiki nao wana kazi. Mechi ijayo, mmoja wao achukue daftari na kuandika alama ya kila servisi inayopokelewa, 3, 2, 1 au 0, na mzunguko uliokuwepo. Mwisho wa seti ajumlishe na kugawa. Karatasi hiyo ampelekee kocha kwa heshima, siku ya pili yake, hasira zikiwa zimetulia. Kama wastani uko chini ya 2, mwacheni mpiga smashi apumzike na lawama, mkaombe timu iongezewe muda wa kupokea servisi.