Tairi pana au jembamba? Sakafu ya tope ndiyo inayoamua

WAFANYABIASHARA wanaofuata mahindi, maharage na mazao mengine katika vijiji vya Handeni na Korogwe wanaijua vizuri hesabu ya masika. Kati ya Machi na Mei, njia za ndani zinapogeuka tope, magari mengi huacha kwenda, mzigo hulala kwa mkulima, na pengo kati ya bei ya shambani na bei ya sokoni hupanuka. Anayefika ndiye anayelila pengo hilo. Anayekwama katikati ya njia hulilipia.

Kwa sababu hiyo ukurasa huu, ambao kazi yake ni bei za magunia, wiki hii unazungumzia matairi. Tairi ni sehemu ya bei ya gunia, ingawa wengi wetu huliandika kwenye daftari la matengenezo na kulisahau.

Hali ya barabara kuu si kama ilivyokuwa. Wanaokumbuka mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 wanajua maana ya safari ya Korogwe hadi Handeni kugeuka kulala njiani. Leo kilometa 65 za Korogwe hadi Handeni ni lami, na kilometa 54 za Handeni hadi Mkata ni lami vilevile. Ingawa mvua za Oktoba 2019 zilionyesha kwamba hata lami hukatika, shida ya kila msimu imehamia kwenye njia za pembeni: upande wa Kibirashi na vijiji vya Kilindi, wilaya iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002, bonde la Lwengera kupitia Magoma hadi Mashewa, na mlimani, katika barabara ya Korogwe kwenda Dindira, Bumbuli na Soni. Baadhi ya njia hizo ziko chini ya TANROADS, na nyingi za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Lakini greda likipita Februari, mvua ya Aprili haiulizi ni la nani.

Ukiingia katika duka la matairi na kusema unataka la kupita kwenye tope, aghalabu utaonyeshwa lililo pana kuliko yote, lenye meno makubwa yanayotisha. Muuzaji hasemi uongo. Amejibu nusu ya swali, kwa kuwa hajauliza tope lako lina sakafu au halina.

Tope lenye sakafu ni lile ambalo juu lina uji wa kuteleza na chini yake, baada ya vidole vinne au shubiri moja, kuna ardhi ngumu au changarawe. Ndilo linalopatikana katika udongo mwekundu wa mlimani na katika barabara nyingi zilizowahi kumwagwa kifusi. Hapa tairi jembamba ndilo bora. Uzito wa gari hukaa juu ya eneo dogo, tairi hukata uji, hushuka hadi kwenye sakafu na kuishika. Tairi pana katika hali hiyohiyo hubaki likielea juu ya uji, na gari likielea kwenye mteremko wa Dindira huwa halina usukani. Linakwenda linakotaka lenyewe.

Tope lisilo na sakafu ni la mbuga: ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Uko mabondeni, na uko katika mabaka ya tambarare za Handeni, mahali ambapo njia inaonekana nzuri hadi gari liinamishe pua. Hapa tairi jembamba ni kisu. Linashuka, linaendelea kushuka, na kituo chake ni pale ekseli inapolala juu ya udongo. Kinachotakiwa ni kuelea, yaani uzito kutandazwa juu ya eneo kubwa ili ardhi isipasuke. Mchanga wa mito mikavu nao uko katika kundi hilo.

Watu wa nchi za theluji wanalijua jambo hili kwa njia yao. Wale wanaoteleza milimani wakiwa wamefunga mbao za skii miguuni hawana aina moja tu ya mbao. Theluji inapokuwa mpya, laini na ya kina, huvaa zile pana zilizoinuka ncha, zielee juu. Theluji iliyoshindiliwa ikawa ngumu hutaka mbao nyembamba zenye kingo kali, zing'ate. Mwenye mbao pana kwenye theluji ngumu huhangaika, na mwenye nyembamba kwenye theluji laini huzama. Sisi hatuna theluji Handeni, lakini mantiki ni hiyohiyo, tofauti ikiwa kwamba wao huchezea na sisi tunabeba magunia.

Tuchukue matairi matatu yanayoingia kwenye rimu za inchi 16 na kupatikana madukani. La kwanza ni 7.50R16, ambalo limezoeleka katika Land Cruiser za kazi na malori madogo. Upana wake ni kama sentimita 21. La pili ni 235/85R16, lenye sentimita 23.5. La tatu ni 265/75R16, lenye sentimita 26.5, na ndilo linalopendwa na wenye pikapu kwa sababu linaipa gari umbo. Yote matatu yakisimamishwa yana kimo cha karibu sentimita 80, kwa hiyo tumbo la gari huinuka sawasawa. Tofauti iko kwenye upana, na pia kwenye uzito yanaoruhusiwa kubeba, ambao umeandikwa ubavuni na ni lazima usomwe kabla ya bei.

Kwa maoni ya ukurasa huu, mfanyabiashara wa njia za mlimani na za kifusi asione haya kununua lile jembamba na refu. Halina sura ya kuvutia, lakini hufanya kazi, na kwa kawaida huwa jepesi kwa mafuta kuliko lile pana. Lile la kati linamfaa asiyejua wiki ijayo atatumwa wapi. Lile pana alichukue mwenye njia ya mbuga au mchanga, na awe tayari kutumia faida yake yote, ambayo haiko kwenye upana peke yake. Iko kwenye upepo.

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotupwa. Eneo la tairi linalogusa ardhi hutegemea zaidi upepo uliomo kuliko upana uliochongwa kiwandani. Chukua gurudumu la nyuma la pikapu lililobeba kilo 700. Likiwa na upepo wa 36, hesabu ya kawaida inatoa eneo la kama sentimita za mraba 277. Shusha hadi 20, nalo linakaribia 500. Ukweli wa barabarani ni pungufu kidogo, kwa kuwa mbavu za tairi nazo hubeba sehemu ya uzito, lakini mwelekeo ni huo. Zaidi ya hapo, eneo hilo huongezeka zaidi kwa urefu kuliko kwa upana: tairi hujilaza kama unyayo, na unyayo mrefu hukanyaga meno mengi zaidi kwa wakati mmoja. Kipimo cha upepo na pampu ndogo inayotumia betri ya gari ni rahisi kuliko tairi moja, sembuse manne.

Kuna masharti. Tairi lililopunguzwa upepo liende taratibu, lisikatwe kona kwa nguvu, na lijazwe tena kabla ya kugusa lami, kwa sababu joto la mwendo kasi hulipasua. Tairi la tyubu likilegea sana huzunguka juu ya rimu na kung'oa vali. Lisilo na tyubu hubanduka ukingoni. Lori lililojaza mzigo halina nafasi kubwa ya kupunguza upepo hata kidogo: upepo ndio uliobeba mzigo. Dawa yake ni kupunguza magunia, jambo ambalo matajiri wengi hawapendi kulisikia.

Kwa upande wa meno, kina chake ni muhimu, lakini nafasi kati ya jino na jino ni muhimu zaidi. Tope la mbuga hunata. Meno yaliyosongamana hujaa katika mizunguko michache, na kuanzia hapo una gurudumu laini lililopakwa udongo. Meno yaliyoachana hujisafisha kwa kurusha tope gurudumu linapozunguka. Ndiyo maana tairi lililotumika ambalo meno yake yamebaki nusu linaweza kuwa na maisha marefu kwenye lami na lisiwe na kazi yoyote kwenye tope. Anayekuuzia "bado lina meno" muulize meno ya wapi.

Minyororo nayo ifuate kanuni ya sakafu. Ikifungwa kwenye udongo mwekundu unaoteleza, hung'ata na gari hupanda. Kwenye mbuga isiyo na mwisho, minyororo inachimba, na utingo atapata kazi ya koleo hadi jioni.

Malori madogo yenye matairi mawili mawili nyuma yana ugomvi wake. Jozi hiyo huelea vizuri, lakini magurudumu ya mbele ni mamoja, kwa hiyo hutangulia kuzama na kulima, na nyuma husukuma jembe hilo. Wengi hufunga meno ya tope nyuma na kuacha ya mistari mbele, na kwa njia ambayo sehemu kubwa ni lami huo ni uamuzi wa busara, mradi dereva ajue kuwa kwenye tope usukani wake utakuwa mzito kutii. Udongo na mawe hujipachika kati ya jozi, kwa hiyo pakaguliwe kila safari. Matairi ya jozi moja yawe na kimo kimoja, kwani lililo refu hubeba mzigo wa mwenzake na kupasuka kwanza. Kwa gari la foo-wili onyo ni kali zaidi: ukichanganya vimo vya mbele na nyuma, gia za kugawa nguvu ndizo zitakazolipa tofauti hiyo.

Sasa tuje kwenye daftari, kwa tarakimu za mfano tu. Tuseme Canter imebeba magunia 35 ya kilo 100, na faida yako baada ya ushuru na mafuta ni Sh 8,000 kwa gunia, yaani Sh 280,000 kwa safari. Tuseme kuvutwa na trekta ni Sh 100,000, na usiku mmoja wa dereva na utingo porini ni Sh 30,000. Kukwama mara moja kumekula Sh 130,000, karibu nusu ya faida, kabla hujahesabu gunia lililoloa. Ikiwa matairi manne ya nyuma yenye meno ya tope yanazidi ya kawaida kwa Sh 600,000, basi yatakuwa yamejilipa yakikuepusha kukwama mara tano. Mwenye safari mbili kila wiki kwa wiki nane za tope anaweza kufika mara tano bila kutafuta. Mwenye safari tatu kwa msimu mzima hafiki, na anafanya vizuri zaidi kubaki na matairi yake ya lami, kusimama barabara nzuri inapoishia na kufaulisha mzigo kwa trekta au gari la mwenyeji.

Hesabu hiyo pia ikumbuke kwamba meno ya tope huisha haraka kwenye lami na hushika vibaya lami iliyoloa. Kutoka Korogwe hadi njia ya pembeni iliyo ng'ambo ya Handeni, unaweza kutembea kilometa 65 za lami ili ufike kwenye kilometa 15 za udongo. Usichague kwa urefu wa safari, wala kwa kilometa zote 15. Chagua kwa ile kilometa moja iliyo mbaya kuliko zote. Mtume mtu aende na fimbo siku ya pili baada ya mvua, aichome njiani. Ikigonga sakafu, umeshajua la kununua.

Mwekezaji mdogo mwenye pikipiki za kukodisha asidhani habari hii ni ya matajiri wa malori. Bodaboda ndizo zinazotoa magunia shambani wakati hakuna gari linaloingia. Tairi jembamba la pikipiki hukata uji na kutafuta sakafu vizuri sana. Linaloziua pikipiki kwenye mbuga ni udongo unaojaa kati ya tairi na madigadi ya mbele hadi gurudumu ligome. Kuinua madigadi hiyo kwa vidole viwili hakugharimu karibu kitu.

La mwisho ni umri wa tairi. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kiliposimama mwaka 2009, tumetegemea sana matairi ya kutoka nje, ambayo huenda yakakaa ghalani kabla ya kufika Korogwe. Mpira huzeeka hata usipotumika, na meno makavu humeguka vipandevipande kwenye mawe. Ubavuni, mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Likiandikwa 3222, limetengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2022. Wakati mwingine tarakimu hizo huwa upande wa ndani, kwa hiyo ligeuze dukani, kabla fundi hajalivalisha kwenye rimu.