Kabla Hujaituma kwa Grupu ya Familia, Soma Hii

Leo nianze na deni.

Msimu wa bonasi wa 2025, picha ya skrini iliingia kwenye simu yangu saa tano usiku. Jedwali safi kabisa. Upande mmoja majina ya viwanda vya majani chai vya Kericho na Bomet, upande wa pili kiwango cha bonasi kwa kila kilo. Haikuwa na mhuri, haikuwa na sahihi, wala haikusema nani ameitengeneza. Lakini kiwanda chetu kilikuwemo, na kiwango chake kilikuwa kitamu. Nikaituma kwa grupu ya familia, nikaongeza vile vimoto vitatu, nikalala.

Kufikia saa tatu asubuhi, mama alikuwa ameshafika kwa duka la vifaa vya ujenzi. Jikoni kwetu palikuwa panavuja, na wewe ukiishi huku unajua mvua ya Kericho haibishi hodi. Akachukua mabati kwa deni, akamwahidi mwenye duka kwamba atamaliza bonasi ikiingia.

Kiwango cha kweli kilipotangazwa, kilikuwa chini ya kile cha jedwali kwa shilingi saba. Saba tu? Ngoja. Mama huuza takriban kilo 4,000 za majani kwa mwaka. Kwa hiyo kila shilingi moja ya uongo ilikuwa shilingi 4,000 mfukoni mwake. Mara saba, shilingi 28,000. Hilo ndilo deni ninalokuambia, na mimi ndiye niliyelileta nyumbani, nikiwa kitandani, kwa kidole kimoja.

Nimekuwa nikijiuliza: kwa nini mama aliamini? Si mjinga. Ni mwanamke ambaye karani wa kituo cha kupimia majani hawezi kumpunja hata robo kilo. Jibu ni kwamba hakuliamini lile jedwali. Aliniamini mimi. Mama anatumia kabambe nusu ya siku na simu ya marehemu mjomba nusu nyingine. Habari zake anazipata kwa redio, Chamgei FM asubuhi akikama ng'ombe na Kass FM jioni. Redio ikisema jambo na akawa na shaka, ananipigia: "Hebu angalia kwa simu yako, wanasema nini?"

Sasa skiza, kama wewe ni kijana wa Litein, Kapkatet, Sotik, Silibwet au hapa Kericho mjini, na wazazi wako bado wanachuma chai, hiyo simu yako si yako peke yako. Wewe ndiye gazeti la nyumbani. Wewe ndiye mhariri, mwandishi na muuzaji. Tofauti ni kwamba mhariri wa gazeti akikosea anaomba radhi ukurasa wa pili. Wewe ukikosea, mabati yanachukuliwa kwa deni.

Na kabla hujaniambia kwamba siku hizi vijana hawajali siasa, nikukumbushe Juni 2024. Mswada wa Fedha ulisomwa na vijana kwa simu, ukachambuliwa kifungu kwa kifungu, ukaelezwa kwa lugha za mama kwenye video fupi. Nambari za wabunge zikasambazwa, tukawa "tunawasalimia" hadi simu zao zikawa moto. Juni 25 waandamanaji wakaingia Bunge, na siku iliyofuata Rais William Ruto akasema hatatia sahihi. Julai 5 mwenyewe akaingia X kujibu maswali ya vijana. Watu walipoteza maisha katika maandamano yale, na hilo halifai kusahaulika. Lakini hakuna anayeweza kusema tena kwamba simu ni ya kucheka na kudansi tu.

Shida yangu ni hii. Mambo ya Nairobi tunayajua dakika hiyo hiyo. Mambo ya hapa kwetu tunayajua baada ya wiki mbili, tena yakiwa yamepinda.

Chukua mfano wa Oktoba 2024. Bunge la Kaunti ya Kericho lilipiga kura ya kumng'oa Gavana Erick Mutai. Madiwani 31 kati ya 47 waliunga mkono. Kwa simu zetu vita vilikuwa vimekwisha: ameenda! Kule kwa stage ya bodaboda watu walikuwa washaanza kugawana ofisi. Nilikuwa mmoja wao, na niliandika jambo kwa blogu ambalo baadaye nililifuta kimyakimya.

Lakini sheria inataka theluthi mbili ya wanachama wote. Toa simu yako sasa hivi, fungua kikokotoo. 47 mara mbili, gawa kwa tatu. Umepata 31.33, si ndio? Hakuna diwani wa nukta tatu tatu, kwa hivyo inahitajika 32. Seneti ilipoketi, ikatupa hoja kwa sababu hiyo hiyo. Agosti 2025 madiwani wakajaribu tena, Seneti ikaitupa tena, na mzozo ulikuwa ule ule wa hesabu: je, theluthi mbili ilifikiwa kweli?

Sisemi gavana alikuwa na hatia wala hana. Nasema kwamba kikokotoo kilikuwa kwenye simu ile ile tuliyotumia kusambaza uvumi, na hatukukifungua.

Wazee wetu wanajua uzito wa sauti kuliko sisi. Enzi zile sauti ilikuwa moja, ya redio. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alijikuta The Hague akishtakiwa pamoja na William Ruto. Kesi ilifungwa Aprili 5, 2016. Vyovyote unavyoiona kesi ile, nchi nzima ilibaki ikijua kwamba maneno ya mtu mmoja nyuma ya maikrofoni yanaweza kuulizwa na dunia. Leo kila mmoja wetu ana maikrofoni mfukoni, na bando ya shilingi ishirini inatosha kuiwasha.

Basi tufanye nini? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda, kwa hivyo sitakupa mhadhara. Nitakuambia ninachofanya tangu yale mabati.

Kwanza, kila habari yenye pesa ndani yake nampigia mtu mwenye uso. Kama ni bonasi, nampigia mkurugenzi wa kiwanda anayewakilisha eneo letu, au naangalia ubao wa matangazo kiwandani. Mwaka wa fedha wa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hufungwa Juni 30, na bonasi hutangazwa baadaye, kuelekea Septemba na Oktoba. Jedwali likikufikia kabla kiwanda hakijasema, jua umetumiwa ndoto. Na kwa taarifa yako, wakurugenzi hao huchaguliwa na wakulima wenye nambari. Nyumba nyingi nambari ni ya baba, anayechuma ni wewe. Kwa hiyo kura hiyo huna, lakini unayempasha habari mwenye kura ni wewe. Umeona sasa?

Pili, nina tarehe mbili kwa kalenda ya simu, zimewekwa kengele kabisa. Februari 28 ndiyo mwisho wa kaunti kupeleka mpango wa mwelekeo wa fedha kwa bunge lake. Aprili 30 ndiyo mwisho wa kupeleka makadirio ya bajeti. Kabla na baada ya hizo tarehe kuna vikao vya umma. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kushirikisha wananchi. Matangazo huwekwa kwa gazeti na kwa tovuti, kwenye faili refu ambalo hakuna anayelifungua kwa sababu halina muziki.

Mwaka huu nililifungua. Nikaenda kikao kwenye ukumbi wa wadi yetu. Tulikuwa kama watu arobaini. Vijana tulikuwa watatu, na mmoja alikuja kukwepa mvua. Wazee walizungumza juu ya zahanati, juu ya maji, juu ya daraja. Niliposimama nilitetemeka kuliko ninavyotetemeka kuandika mtandaoni. Nikauliza kuhusu kile kipande cha barabara kinachofanya lori la majani likwame, chai inalala kituoni hadi inageuka rangi. Karani akaandika. Sijui kama barabara itatengenezwa. Lakini swali langu liko kwenye kumbukumbu za kikao, na Kifungu cha 35 kinanipa haki ya kurudi kuuliza lilifika wapi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kunijibu. Hiyo pia nimeiwekea kengele.

Nilichojifunza pale ukumbini ni kwamba wale wazee thelathini na saba si kwamba wametuzidi akili. Wametuzidi kufika. Siku tunayotoa maoni elfu moja chini ya video, wao wanatoa maoni matano mbele ya karani, na ya karani ndiyo yanayoingia kwa bajeti.

Na 2027 iko pale, Agosti 10. Majedwali yatakuja mengi kuliko ya bonasi: fulani amejiondoa, fulani anaongoza, kabila fulani limesema hivi. Yatakuja usiku, yakiwa safi, bila sahihi. Na mahali fulani huko Konoin au Belgut, mama wa mtu atakuwa anasubiri mwanawe amwambie kama ni kweli.

Deni la mabati bado ninalipa, kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi. Jikoni hakuvuji tena. Wiki jana nilituma kwa grupu tangazo la kazi ya vibarua, halali kabisa, nilikuwa nimepiga simu mwenyewe. Mama akajibu kwa sauti, nyuma yake naisikia redio:

"Hii umeuliza, ama ni ile ya mabati?"